Teredo na Mbao: Kwa Nini Mti Mgumu Huliwa Baharini

Fundi seremala wa Kikatiti, kando ya barabara itokayo Arusha kwenda Moshi, anawajua vyema maadui wa mbao zake. Wa kwanza ni mchwa, ambaye hupanda kutoka ardhini akijijengea njia ya udongo. Wa pili ni fukusi wa mbao, ambaye huacha unga chini ya miguu ya kitanda. Wa tatu ni kuoza, kunakoletwa na kuvu mahali penye unyevu. Kwa kuwajua maadui hao fundi huziweka mbao katika daraja: huu wafaa nguzo, huu wafaa kenchi, na huu usitumiwe ila kwa sanduku la kupakia nyanya.

Daraja hizo ni za nchi kavu. Mbao hizo hizo zikichukuliwa hadi Tanga, kiasi cha kilometa 300 kwa mstari ulionyooka, na kuzamishwa baharini, mpango wote huvurugika. Mti uliosifiwa kwa kuwashinda mchwa huweza kugeuka sega la nyuki kabla mwaka haujaisha. Anayefanya kazi hiyo si mchwa wala fukusi, na kwa hakika si mdudu hata kidogo. Ni mnyama wa kundi la moluska, ndugu wa chaza na kome, ambaye wataalamu humwita teredo.

Mwalimu wa bara aweza kuuliza kuna haja gani ya kumfundisha mwanafunzi wa Meru habari za kiumbe asiyeonekana ila pwani. Haja ipo. Miteremko ya Mlima Meru ni nchi ya mbao: katika shamba la miti la Meru-Usa hukuzwa misindano, misaiprasi na mikaratusi, na wakulima wenyewe hupanda migrevilea katika mipaka ya mashamba yao. Miti mikubwa ya asili iliyokuwa tegemeo la waunda majahazi, kama vile mvule na mkongo, imekuwa adimu na ghali, na fundi wa pwani hana budi kutazama mbao nyingine. Ikiwa mbao hizo zitachaguliwa kwa sifa zilizopatikana katika udongo wa Kikatiti, huenda watu wakapanda chombo ambacho chini yake kimekwisha kuliwa.

MNYAMA MWENYEWE

Jina la mdudu limewapotosha wengi, na si Waswahili peke yao. Wazungu nao walimhesabu teredo kuwa mnyoo kwa karne nyingi, maana mwili wake ni mrefu, laini na mtupu kama mnyoo. Mwaka 1733 Gottfried Sellius alichapisha kitabu kilichoonyesha kwamba mnyama huyu ni wa jamii ya chaza, na mwaka 1758 Linnaeus akampa mmoja wao jina la Teredo navalis linalotumika hadi leo. Jamaa nzima ya matoboa-mbao hawa huitwa Teredinidae, nayo ina spishi nyingi, hasa katika bahari za joto.

Chaza wa kawaida amefunikwa mwili mzima kwa vigamba viwili. Teredo naye anavyo vigamba viwili, lakini ni vidogo mno, navyo viko mbele kabisa ya mwili kama kofia. Kazi yake si kumkinga. Mwanafunzi akivitazama kwa kioo cha kukuzia ataona mistari ya meno madogo iliyopangwa sambamba, kama meno ya tupa. Teredo huushika ukuta wa tundu kwa mguu wake mfupi, kisha misuli huvifungua na kuvifunga vigamba hivyo ili visugue ubao, huku mwili ukijizungusha kidogo kidogo. Kwa hiyo si sawa kusema kwamba teredo hutoboa kama keekee. Yeye hupiga tupa, na tundu lake hutokea la mviringo na laini. Inasemekana kwamba Marc Isambard Brunel alipata kwa mnyama huyu wazo la ngao ya kuchimbia njia chini ya ardhi, ambayo aliipatia hataza mwaka 1818 na kuitumia baadaye chini ya mto Thames jijini London.

Upande wa nyuma, penye mlango wa tundu, hutokeza mirija miwili. Mmoja huingiza maji yenye hewa na chembe za chakula, na mwingine hutoa maji machafu pamoja na unga wa mbao. Kando ya mirija hiyo vimo vifuniko viwili vya chokaa. Teredo akihisi kwamba maji yamekuwa baridi, au yamepungua chumvi, au ubao umetolewa majini, huiingiza mirija na kuuziba mlango kwa vifuniko hivyo. Akiwa amejifungia hivyo aweza kuishi majuma kadhaa bila maji mapya, akitumia akiba ya glikojeni iliyomo mwilini. Ndiyo sababu kukitoa chombo majini kwa siku mbili tatu hakuwaui waliokwisha kuingia.

Jambo la kushangaza zaidi, na la hatari zaidi, ni ukubwa wa mlango. Teredo huingia katika ubao akiwa lava mdogo asiyefikia nusu ya milimeta. Hukua akiwa ndani, na tundu la ndani hupanuka pamoja naye hata likapata kipenyo cha sentimeta 1 au zaidi. Urefu wake huwa sentimeta 30 hadi 60, na spishi nyingine za mikokoni hupita meta moja. Mlango wenyewe hubaki milimeta 1 au 2 tu. Kwa hiyo ubao wa chombo waweza kuonekana mzima kabisa kwa nje, umepakwa rangi na kung'aa, kumbe ndani umebaki kuta nyembamba kama karatasi. Ubao wa namna hiyo hauonyi. Hukatika siku ya wimbi kubwa, katika mkondo wa Pemba au wa Mafia, si siku chombo kilipolala ufukoni.

Teredo huyapaka matundu yake chokaa nyeupe, na katika kuchimba kwake kwanza huingia akikata nyuzi za mti, kisha hugeuka na kufuata mkondo wa nyuzi hizo. Akikaribia tundu la jirani hupinda. Akikuta fundo hulizunguka. Akifika mwisho wa ubao kwa kawaida havuki kuingia ubao wa pili. Mamia waweza kukaa katika ubao mmoja bila matundu yao kukutana. Wakijaa mno hubaki wadogo, na ubao ukiisha wote hufa pamoja nao, maana mtu mzima hawezi kuhama. Uenezi wote hutegemea lava. Katika spishi kama Teredo navalis, mayai hutunzwa kwanza ndani ya matamvua ya mama, kisha lava kwa maelfu hutolewa baharini na kuogelea majuma mawili au matatu wakitafuta mbao. Wengi sana hufa bila kuipata. Kutoa watoto wengi kiasi hicho ndiyo gharama ya kuishi katika nyumba inayoliwa.

MLO WA UBAO

Ubao kavu ni chakula kibaya. Sehemu kubwa yake ni selulosi, ambayo kwa hakika ni mnyororo mrefu wa sukari, lakini wanyama wengi hawana kimeng'enya cha kutosha kuukata mnyororo huo. Zaidi ya hayo ubao hauna nitrojeni ya haja, na bila nitrojeni hakuna protini. Mchwa wajengao vichuguu vikubwa hulitatua tatizo hili kwa kilimo: hutafuna miti, huijaza katika vyumba vya kichuguu, na kuotesha juu yake uyoga maalumu ambao huilainisha kabla wao hawajaila. Kichuguu ni shamba la uyoga.

Teredo amefuata njia nyingine. Ndani ya matamvua yake, yaani viungo vyake vya kuvutia hewa majini, wamo bakteria wanaoishi naye. Mwaka 1983 wanasayansi wa Marekani, mmoja wao akiwa Ruth Turner wa Chuo Kikuu cha Harvard, walieleza jinsi walivyofaulu kumkuza bakteria huyo nje ya mwili wa teredo. Walimkuta na uwezo wa namna mbili ambao kwa nadra hupatikana pamoja: huvunja selulosi, na hunasa nitrojeni iliyoyeyuka majini kutoka hewani, kama wafanyavyo bakteria wa mizizi ya maharage. Bakteria huyo sasa huitwa Teredinibacter turnerae, kwa heshima ya mama huyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 uliongeza jambo jipya: vimeng'enya hutengenezwa na bakteria katika matamvua, kisha husafirishwa hadi katika kifuko cha tumbo kinachohifadhi unga wa mbao. Kiwanda kiko mbali na jiko.

Si kila moluska atoboaye mbao huila. Yupo Martesia, ambaye naye hupatikana katika bahari za joto. Mwili wake wote hukaa ndani ya vigamba, tundu lake ni fupi lenye umbo la peasi, na mlango huonekana waziwazi. Yeye hutafuta nyumba tu; chakula chake huchuja katika maji. Kwa sababu hiyo hajali kama kitu ni ubao au la, na amekutwa akitoboa hata mabomba ya plastiki. Tabia kama hiyo iko pia katika maji matamu ya Afrika: katika Ziwa Viktoria hakuna teredo, lakini watoto wa mdudu mmoja arukaye jioni, Povilla, huchimba mbao za mitumbwi ili wapate maskani. Tofauti baina ya anayekula nyumba yake na anayekaa tu ndani yake haina budi kukumbukwa wakati wa kuchagua kinga: dawa inayoingia tumboni haimdhuru asiyekula.

MTI UPI HUSTAHIMILI?

Jibu la haraka la watu wengi ni kwamba mti mgumu hustahimili na mti laini huliwa. Lina ukweli kidogo. Msindano usiotiwa dawa, ukizamishwa katika bahari ya pwani yetu ambayo joto lake hukaa baina ya nyuzi 25 na 30 za Selsiasi, aghalabu huharibika ndani ya miezi michache, ilhali mti mzito huchukua muda zaidi. Lakini kuchelewa si kushinda. Mwaka 1731 na 1732 Waholanzi waligundua kwamba nguzo za mwaloni zilizokuwa zikilinda kuta zao za kuzuia bahari zimeliwa na teredo zikawa zinakatika. Mwaloni ni miongoni mwa miti migumu ya Ulaya. Nchi iliyo chini ya usawa wa bahari ilijikuta imesimama nyuma ya ukuta mtupu, na ikabidi kuleta mawe kwa gharama kubwa mno ili kuondoa tegemeo la mbao. Ni msiba huo uliomfanya Sellius aandike kitabu chake.

Mfano ulio karibu zaidi na msomaji ni boriti za mkoko. Kwa karne nyingi boriti hizo zimebeba dari za nyumba za mawe za Lamu, Mombasa na Unguja, na majahazi yamezipeleka hadi Omani na nchi za Ghuba ambako miti ni haba. Husifiwa kwa uzito wake na kwa kutopendwa na mchwa. Mtu angedhani kwamba mti unaoota baharini, mgumu kiasi hicho, ungekuwa wa kwanza kumshinda teredo. Kinyume chake ndicho kweli. Mkoko ulio hai hukingwa na gamba lake, lakini ukikatwa na kusimamishwa majini kama mambo ya kufungia mashua, teredo huula upesi. Ndani ya misitu ya mikoko magogo yaliyoanguka hujaa teredo hata yakavunjika kwa mkono, na hapo mnyama huyu anayechukiwa na mabaharia hufanya kazi njema: huurudisha mti uliokufa katika mzunguko wa chakula, ukawafikia kaa na samaki.

Kwa nini basi mkoko uwashinde mchwa na ushindwe na teredo? Kwa sababu kinga ya mti si kitu kimoja. Ziko kinga za aina tatu au nne, na kila adui huzuiwa na yake.

Kwanza yapasa kutenga kiini na sehemu ya nje. Mti ukikatwa, aghalabu katikati huonekana mbao zenye rangi iliyokoza, na pembeni pete ya mbao nyeupe. Pete hiyo nyeupe ilikuwa ikipitisha maji na kuhifadhi wanga mti ulipokuwa hai. Haina sumu, na katika mti wowote ule, hata mvule, huliwa. Kinga ya asili hukaa katika kiini. Mti uliopandwa shambani na kukatwa ungali mdogo una kiini chembamba. Kwa hiyo ubao wa mti mchanga haulingani na ubao wa mti mkongwe, hata kama jina ni moja, na hapa wanunuzi wengi hudanganyika.

Kinga ya pili ni silika, yaani ile ile dutu ya mchanga mweupe na kioo. Miti mingine huichukua kutoka udongoni na kuiweka ndani ya chembe zake kama punje ndogo sana. Seremala huijua kwa hasira, kwani mti huo humla msumeno. Mnyama anayefanya kazi kwa tupa naye hupatwa na mkasa ule ule: meno yake hulika upesi kuliko ubao. Miti inayojulikana duniani kwa kumstahimili teredo, kama manbarklak ya Suriname na Guyana na ile ya Australia iitwayo turpentine, ina silika nyingi. Kwa kawaida huchukuliwa kwamba silika ikizidi kiasi cha nusu ya asilimia moja ya uzito wa ubao mkavu, kinga huanza kuonekana. Hapa ndipo ugumu unapojitenga na ustahimilivu. Ugumu wa ubao wote humchosha teredo, lakini huendelea. Punje za silika humharibia chombo cha kazi.

Kinga ya tatu ni sumu ya asili. Mti wa greenheart wa Guyana hauna silika ya kutajwa, lakini kiini chake kina alkaloidi, nao ulitumiwa sana katika magati ya Liverpool. Hata hivyo mti huo huo ukitiwa katika bahari ya joto hustahimili kwa kiwango kidogo zaidi, maana huko spishi za teredo ni nyingi na hukua mwaka mzima. Funzo lake kwa Afrika Mashariki ni dhahiri: sifa iliyopatikana Uingereza haihamishiki Mtwara bila kupimwa. Katika kundi hili huingia pia msaji, na kwa kiasi fulani mvule na mkongo, ambao Unguja na Mombasa huitwa mbambakofi. Viini vyake hustahimili kuliko mbao laini, na kwa hiyo wahenga hawakukosea kuviundia majahazi, lakini hakuna hata kimoja kilicho kinga kamili. Kuhusu mvule, mwanafunzi asichanganywe na lile jiwe ambalo mara nyingine hukutwa ndani ya gogo na kuvunja msumeno. Jiwe hilo ni kaboneti ya kalisi, si silika, tena hukaa mahali pamoja kama bonge. Teredo hulizunguka.

Tanini, ambayo imejaa katika gamba la mkoko, hutajwa mara nyingi kama kinga. Huenda inawaudhi mchwa na kuvu. Kwa teredo haitoshi, na baadhi yake huyeyuka na kuchukuliwa na maji. Sumu yoyote inayoyeyuka upesi katika maji ya bahari ni ulinzi wa muda mfupi.

Sasa mbao za Meru ziwekwe katika kipimo hicho. Msindano hauna silika ya kutosha wala sumu inayomzuia teredo. Msaiprasi una mafuta yenye harufu ambayo huupa nguvu kidogo dhidi ya wadudu wa nchi kavu, lakini baharini ni mbao laini kama nyingine. Mgrevilea, uliopendwa kwa kukua upesi, haufai kuzamishwa bila dawa. Mikaratusi ni jamii kubwa mno, na kusema tu "mkaratusi" hakutoshi: baadhi ya spishi za Australia zina sifa nzuri baharini, lakini zile zikuazo upesi kwa ajili ya nguzo na kuni hazimo miongoni mwake.

UJUZI WA MAFUNDI WA PWANI

Mafundi wa Lamu, Nungwi, Pangani na Kilwa hawakuungoja uchunguzi wa maabara. Wakati wa bamvua, maji yanapojaa sana, chombo huletwa ufukoni ili kikae juu maji yakipwa. Sehemu ya chini hukwanguliwa, hupitishiwa miale ya makuti yanayowaka, viungo hukalafatiwa kwa pamba iliyotiwa mafuta, kisha hupakwa deheni, mchanganyiko wa shahamu na chokaa. Sehemu za juu zisizozama hupakwa sifa, yaani mafuta ya papa.

Biolojia huonyesha kwamba kila hatua ina maana yake. Moto huwaua lava waliotua karibuni, ambao hawajaingia zaidi ya milimeta chache. Hauwafikii wakubwa walio ndani. Basi faida yote imo katika kurudia mapema. Chombo kikichomwa mara kwa mara hakuna lava apatae nafasi ya kuingia kina. Kikiachwa miezi minne, moto wa baadaye ni desturi tu. Deheni nayo humzuia lava kuugusa ubao, lakini mkwaruzo mmoja juu ya mwamba hufungua mlango. Mwaka 1503 merikebu mbili za mwisho za Columbus, zilizokaa muda mrefu katika bahari ya joto ya Karibi, zilikuwa zimeliwa hata akalazimika kuzipandisha ufukoni Jamaika ili zisizame.

Waingereza walijaribu dawa ya gharama. Mwaka 1761 manowari yao iitwayo Alarm ilifunikwa mabati ya shaba upande wa chini. Teredo alizuiwa, kwani shaba huwaua lava, lakini baada ya muda mfupi misumari ya chuma iliyogusana na shaba ilionekana imelika. Mwalimu wa kemia ataitambua sababu: metali mbili tofauti ndani ya maji ya chumvi ni betri, na chuma ndicho kinachotumika. Fundi wa leo atakayepigilia bati la shaba juu ya jahazi lenye misumari ya chuma atarudia kosa hilo.

Shaba ingali inatumika, lakini kwa kuingizwa ndani ya mti. Nguzo za mkaratusi zibebazo nyaya za umeme huko bara, zenye rangi ya kijani kibichi iliyofifia, nyingi zimetiwa kwa shinikizo mchanganyiko wa shaba, kromu na aseniki. Wengine hutumia kreosoti. Mtu asidhani kwamba nguzo iliyo tayari kwa udongo wa Kikatiti iko tayari kwa bahari: mti wa baharini huhitaji dawa zaidi ya mara mbili ya ile ya nguzo ya ardhini. Wala kreosoti haiwazuii wote, maana yuko mnyama mdogo wa jamii ya kamba, Limnoria tripunctata, aitafunaye mbao yenye kreosoti bila taabu. Ndipo katika bahari za joto mbao hutiwa dawa zote mbili. Aseniki ni sumu kwa binadamu pia, na vipande vya nguzo hizo visichomwe jikoni kamwe.

JARIBIO LA SHULE MBILI

Jaribio lifuatalo laweza kufanywa na shule ya Kikatiti kwa ushirikiano na shule ya pwani, kama vile Tanga au Pangani. Gharama yake ni ndogo. Kinachotakiwa ni subira ya miezi sita.

Wanafunzi wa Kikatiti waombe kwa mafundi vipande vya kiini vya msindano, msaiprasi, mgrevilea, mringaringa na, ikipatikana, mvule. Kila aina ikatwe vibao vinane vya sentimeta 20 kwa 7.5 kwa 2.5, bila mafundo na bila sehemu nyeupe ya nje. Jina la mti lisichukuliwe kwa kuambiwa tu. Chuo cha Misitu cha Olmotonyi, upande wa magharibi wa mlima, kina watu wa kuutambua. Alama ziwekwe kwa kukata pembe za kibao, si kwa wino. Vibao vikaushwe na kupimwa uzito. Kabla ya jambo lolote kila mwanafunzi aandike utabiri wake na sababu zake.

Vibao vinne vya kila aina vifukiwe nusu katika udongo wa shule, mahali penye mchwa. Vinne vingine vipelekwe pwani na kufungwa katika kamba ya nailoni yenye jiwe chini, chini ya gati, visitoke majini hata maji yakipwa, wala visiguse matope. Kibao kimoja cha kila aina kitolewe pande zote mbili baada ya mwezi 1, miezi 2, miezi 4 na miezi 6.

Kibao cha baharini kipasuliwe kwa kufuata nyuzi. Katika kipimo kinachotumika Ulaya, kibao kisicho na tundu hupewa 0. Chenye matundu yasiyozidi asilimia 15 ya eneo hupewa 1. Yasiyozidi 25 hupewa 2. Yasiyozidi 50 hupewa 3. Na zaidi ya hapo 4, maana yake ubao umekwisha. Vifuniko vidogo vya mlangoni vihifadhiwe katika spiriti, kwa kuwa umbo lake ndilo hutambulisha spishi, kama Ruth Turner alivyoonyesha katika orodha yake ya mwaka 1966. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyoko Unguja tangu 1978, ndiyo mahali pa kuuliza.

Iko hadhari moja katika kupima uzito. Teredo hula ubao lakini huongeza chokaa, hata kibao kilichoharibika huweza kuonekana kama hakikupoteza sana. Vipande vya kibao vilowekwe katika asidi hidrokloriki hafifu. Povu litakalopanda ni dioksidi ya kaboni itokayo katika chokaa hiyo. Likikoma, vipande vioshwe, vikaushwe na kupimwa tena.

Wakati vibao viko majini, wanafunzi wa Kikatiti wanaweza kuipima silika wao wenyewe. Gramu 100 za takataka za randa zilizokauka vizuri, za mti usiotiwa dawa, zichomwe polepole katika bakuli la kauri hata libaki jivu tupu. Jivu hilo litiwe asidi hidrokloriki hafifu, lipashwe moto kidogo, kisha lichujwe. Sehemu kubwa itayeyuka. Kile kinachokataa kuyeyuka, kikioshwa na kukaushwa, kwa sehemu kubwa ni silika. Kikifika gramu 0.5 mti huo una haki ya kusubiriwa kwa hamu pale kibao chake kitakaporudi kutoka Tanga. Kikiwa gramu 0.05, utabiri wa mwanafunzi uandikwe upya kabla kamba haijavutwa.